Koki ya Mbele

Tarehe 4 Juni

Kaka,

Simu hupokei, na ukipokea unanikatia, basi nakuandikia. Karatasi itabidi uisikilize mpaka mwisho. Nimempa dereva wa basi la posta, kaahidi kukukabidhi mkononi hapo karakana.

Usidhani nimekuja kuomba radhi. Ulisema mbele ya wateja wako kwamba mume wangu ni mwanamume wa kumwaga mavi ya mke wake, na neno hilo bado limenikaa kooni. Wewe umeshika kopo lako la rangi, watu wanacheka, Mpole kasimama pale anaangalia viatu vyake. Ndiyo maana niliwasha gari nikaondoka bila kuaga. Ningebaki dakika moja zaidi ningekupaka hiyo rangi usoni.

Ndiyo, yeye ndiye anayemwaga. Unajua fika kwamba hana pua. Miaka kumi na miwili ya kupuliza rangi magari imemmaliza, hasikii harufu ya kahawa wala ya panya aliyeoza. Mimi nikilisogelea tangi la choo natapika. Kwa hiyo tumegawana kazi: mimi napima macho ya watu na kusaga vioo vya miwani, yeye anaendesha, anapika na anamwaga. Wifi yangu hapo kwako anafanya kazi zote za nyumba peke yake na hakuna anayemcheka.

Haya, hasira pembeni. Gari linakwenda vizuri. Ile ambulansi kuukuu uliyonigeuzia kuwa nyumba, watu wanaizunguka wanashangaa: kitanda, sinki, choo, mashine yangu, vyote ndani. Tangi jipya la choo ulilotufungia halivuji hata tone. Wiki hizi mbili tumekaa mijini, na kila mara tumemwaga kwenye mabwawa ya maji taka, koki zote mbili kwa pamoja, na nimeandika kwenye daftari langu tarehe na mahali. Unanijua. Sijawahi kumwaga barabarani wala mtoni, na sitaanza uzeeni.

Sasa tumeegesha kwa wafyatua matofali. Pakavu, mtandao hakuna, maji wanayabeba kutoka mbali. Moshi na vumbi vimewaharibu macho, kwa hiyo nina wateja wa wiki nzima. Mkubwa wao wanamwita Tanuru, jitu la miraba minne. Nimempima leo, kwa mbali haoni hata herufi yenye ukubwa wa sahani. Kaniuliza maji yetu ya kuoshea vyombo tunayapeleka wapi. Nikasema tunayatunza mpaka mjini. Akaniambia huo ni uchoyo. Yeye anatafuta maji ya kukandia udongo, sabuni haidhuru tofali, tumfungulie kwenye shimo lake. Nimezunguka, nimekagua, hakuna kisima karibu wala mto, nimekubali.

Tangi likijaa, siku nne tano hivi, Mpole atamfungulia koki ya mbele, ya sabuni. Ya nyuma, ya choo, haiguswi mpaka mabwawani. Kama ulivyonifundisha siku ya kwanza: mbele sabuni, nyuma choo.

Msalimie wifi. Wewe jisalimie mwenyewe.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Pilipili mdogo wangu,

Barua imefika na moto wake wote. Dereva wa basi kaniangalia kwa huruma, nadhani aliisoma njiani.

Nilichosema kilikuwa utani. Mpole mwenyewe hakulalamika, umelalamika wewe. Tangu utoto ukitaniwa unatafuta jiwe.

Kuhusu hao wafyatua matofali: msimwage huko. Msiguse koki, ya mbele wala ya nyuma, mpaka mrudi hapa nizikague. Zimekaa vibaya kidogo, na mikono ya Mpole ni mizito, ataharibu. Mkishindwa kurudi, nendeni mabwawani mfungue zote mbili kama mlivyozoea. Hakuna tatizo lolote, kazi yangu unaijua. Nasema tu kama fundi.

Mimi kazi zimenizidi. Hospitali mpya inataka fundi wa mabomba yake yote, na kabla hawajanipa, mkaguzi anapita mwezi huu kuangalia kila nilichokijenga. Kwa hiyo maneno maneno siyataki sasa hivi.

Wifi yako hajambo. Amekaa kimya siku hizi, sijui ana nini.

Kaka yako


Tarehe 10 Juni

Kaka,

Utavumilia mwandiko. Nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, karatasi nimepewa na askari.

Barua yako ilinifikia juzi. Niliisoma nikasema, huyu bado anaendelea na dharau zake, eti mikono ya Mpole mizito. Nikaikunja nikaitupa chini ya kitanda. Jana asubuhi tangi lilijaa, nikamwambia Mpole kwa sauti ya juu, makusudi, kana kwamba wewe unasikia: kafungue. Akavuta mpira mpaka shimoni, akafungua ya mbele, akaingia kuinjika chai. Mimi nilikuwa nasaga kioo, mashine inanguruma, madirisha nimefunga kwa sababu ya vumbi.

Hawa watu wanakanda udongo kwa miguu. Walikuwa saba ndani ya shimo, matope mpaka magotini, Tanuru mmoja wao, na binti yake pembeni yake. Kilichonitoa ndani ni yowe la binti. Nilipofungua mlango, mpira ulikuwa umeshakatwa kwa panga na harufu imejaa kila mahali. Mavi, kaka. Ndani ya udongo wao, kwenye miguu yao, na yule binti ana vidonda vya miguu.

Hawakuuliza. Walimtoa Mpole kwa nywele kupitia dirisha la jikoni, kioo kikamchana tumbo. Walimpiga kwa vile vibao vya kufyatulia matofali, kwa mateke, kwa sufuria yake mwenyewe ya chai ikiwa bado ya moto. Nilisikia mbavu zake. Tanuru akamshika shingo akamzamisha uso kwenye lile shimo. Akamwinua, akamzamisha tena. Kila akiinuliwa Mpole anasema maneno yale yale, mdomo umejaa matope: nimefungua ya mbele, nimefungua ya mbele. Mara ya tatu hakuinuliwa haraka. Hapo ndipo Tanuru alipopigwa spana ya magurudumu. Taya limevunjika, meno manne yamebaki kwenye udongo.

Mpole amewaambia askari kwamba aliyempiga ni yeye. Wamemweka ndani na mbavu zake. Gari limevutwa hapa uani kwa polisi.

Mkuu wa kituo ametafuta suluhu. Watu wa Tanuru wamesema hivi: tukiri kwamba uchafu umetoka kwenye gari letu, tuingie shimoni tulisafishe kwa mikono yetu, tuwaombe radhi mbele ya watu wote. Tukifanya hivyo wanafuta kila kitu, hata spana. La sivyo Mpole anapelekwa mahakamani Jumatatu.

Choo chao cha shimo kiko juu kidogo ya mahali wanapokandia, hatua kama thelathini. Nimewaambia waangalie huko, wakaniita mwongo. Kaka, mimi ninayeandika daftari, nikiri kwamba nimewakanyagisha watu mavi?

Tuweke ugomvi wetu chini. Uliandika msiguse koki. Ulikuwa na maana gani? Nijibu kama fundi: inawezekana koki ya mbele ikatoa maji ya choo? Ukisema ndiyo, naingia shimoni leo hii. Ukisema hapana, nasimama. Nitafuata neno lako.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Pilipili,

Pole sana. Mpe Mpole pole. Nimeisoma barua mara tatu na sijaweza kufanya kazi. Mpole kampiga mtu spana? Yule yule anayemwomba paka radhi akimkanyaga mkia? Haya, dunia.

Umeniuliza kama fundi, nakujibu kama fundi. Haiwezekani. Mbele sabuni, nyuma choo. Matangi nimeyafunga kwa mikono yangu. Nilipoandika msiguse koki nilikuwa nafikiria ule mpira tu, umechakaa. Na umesema mwenyewe choo chao kiko juu ya shimo. Basi jibu unalo. Kimepasuka chini kwa chini, na mgeni ndiye anayebebeshwa.

Usiingie shimoni. Ukishaingia umejitia hatiani mwenyewe, na mkaguzi akisikia kwamba gari nililojenga mimi limemwaga choo juu ya watu, jina langu limekwisha. Jina letu. Kataeni. Ukitaka, msomee mkuu wa kituo barua hii. Watu wa namna ile wakiona huogopi wanatulia wenyewe.

Kaka yako


Tarehe 16 Juni

Kaka,

Tulikataa. Nilisimama mbele ya mkuu wa kituo nikasoma barua yako kwa sauti, neno kwa neno, watu wa Tanuru wakiwa wamejipanga ukutani. Binti yake alikuja kwa ajili ya baba yake, maana baba taya limefungwa kwa kitambaa na hawezi kusema. Nilipofika kwenye choo chao kilichopasuka, akatema mate miguuni kwangu akatoka.

Hawakutulia.

Jana polisi walimpakia Mpole nyuma ya pikapu kumpeleka mahakamani, pingu mikononi, mimi kando yake, askari mmoja tu. Kwenye kona ya soko watu wa Tanuru wakawa wanatusubiri. Yalianza matofali mabichi, yale yanayovunjika ukiyatupa. Kisha yakaja yaliyochomwa. Askari alifyatua risasi hewani mara mbili. Mpole hakuwa na mikono ya kujikinga, kaka. Tofali lilimpata usoni upande wa kushoto, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Mimi nimepima macho ya watu miaka kumi na mitano. Najua jicho linavyoonekana likishapasuka. Sikungoja daktari aniambie. Wamelitoa jana mchana, na mimi ndiye niliyeshika kichwa chake, kwa sababu wauguzi walikuwa hawatoshi. Ameamka leo akaniuliza kama kesi imeahirishwa.

Sasa nakwambia wewe tu, maana tumenyonya ziwa moja. Usiku, askari wakisinzia, nimefyonza dizeli kwenye tangi la gari, madumu mawili. Wale watu wanalala kwenye vibanda vya nyasi. Viko vinane, vina mlango mmoja mmoja. Jumapili mchana wote huwa wamelala kwa uchovu, tanuru likiwa limeshapoa. Wametaka kunifundisha moto wa matofali, na mimi nitawafundisha.

Usinijibu. Wewe hukosei kama fundi, mimi sitakosea kama mke.

Mdogo wako


Tarehe 17 Juni

Wifi yangu,

Kaka yako hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ameisoma akiwa amesimama, kisha akaenda kukaa chini ya mashine ya kukatia mabomba na hajatoka. Mimi nimeiokota sakafuni nikaisoma.

Koki ya mbele ni ya choo.

Siku ile mlipokuja kufungiwa tangi jipya, mimi ndiye niliyemshikia tochi chini ya gari. Tangi jipya la choo lilikuwa refu, halikuingia nyuma kwa sababu ya ekseli ya magurudumu. Akaligeuza, akaliweka mbele, la sabuni likaenda nyuma. Akaniambia, nitawaeleza nikimaliza, na nitapaka koki ya choo rangi nyekundu wasikosee. Lile kopo uliloliona mkononi mwake ndiyo rangi yenyewe. Kisha akaanza utani wake, wewe ukaondoka. Alitupa brashi akasema, nitamweleza akiniomba radhi, kiburi kikimwisha. Nikamwambia, mpigie simu wewe. Akasema, nimpigie mimi, mkubwa wake?

Barua yako ya kwanza ilipofika alibadilika rangi. Nikadhani amekuandikia ukweli. Leo ndiyo nimejua alichokuandikia.

Nimenyamaza karibu mwezi kwa kuogopa ugomvi wa nyumbani, na jicho la Mpole limekwenda. Hilo nitalibeba. Lakini usichome mtu, wifi. Kabla hujagusa kiberiti, fungua koki ya mbele uone.

Wifi yako


Tarehe 21 Juni

Kaka,

Sina salamu.

Barua ya wifi ilinifikia jana. Nilimwomba mkuu wa kituo aniruhusu kugusa gari langu. Nikachukua lile beseni jeupe la kusuuzia vioo, nikaliweka chini ya koki ya mbele, nikafungua kidogo. Nilitapika juu ya viatu vya askari.

Siku kumi na moja gari hilo lilikuwa uani, hatua ishirini kutoka kwenye benchi langu. Sikwenda kuangalia koki hata mara moja, hata usiku ule wa dizeli. Ningeangalia kwa nini? Nilikuwa na neno lako mfukoni. Na nitakwambia ukweli ambao wewe umeshindwa kuniambia: kuna siku niliogopa kuangalia.

Tanuru alisema kweli. Alitufungulia shimo lake kwa wema, tukamjazia choo chetu. Binti yake anaharisha damu, amelazwa wodi moja na Mpole, wametenganishwa na pazia. Siku nne namlisha mume wangu uji, yule mtoto wa watu anaugulia nyuma ya pazia, na mimi moyoni nahesabu milango ya vibanda vya kwao.

Na sikiliza la pili. Spana niliishika mimi. Mpole alikuwa kifudifudi ndani ya matope, angempiga vipi mtu? Askari walipofika alikuwa hata kusimama hawezi, akawaambia ni yeye, na mimi nikanyamaza. Nimemwacha alale ndani kwa ajili yangu, na jicho limetolewa akiwa kwenye pingu zilizokuwa zangu. Aliyeniona ni Tanuru peke yake, wenzake walikuwa nyuma ya gari wakimwosha binti miguu, na Tanuru hawezi kufungua mdomo kwa sababu mimi ndiye niliyemvunja. Nimemvunja taya mtu aliyesema kweli, nikimtetea mwongo.

Ungeandika maneno mawili. Nimegeuza matangi. Tarehe sita yangenifikia kwa wakati, hakuna ambaye angetokwa hata na tone la damu. Tarehe kumi na mbili ningeingia shimoni, nikaoga, Mpole akarudi nyumbani na macho mawili. Mara zote mbili ulikuwa na kalamu mkononi.

Njoo. Uje na mkoba wako wa vifaa na mdomo wako. Ikipita wiki hujafika, nitakuja mimi, na sitabisha hodi. Yale madumu bado yamejaa.

Mimi


Tarehe 27 Juni

Wifi yangu,

Mumeo yuko hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki. Mkono wake wa kulia umevunjika mahali pawili, na niliyeuvunja ni mimi.

Sitaki usikie kwa watu, kwa hiyo nakueleza kama ilivyokuwa. Jumatatu mkuu wa kituo alinirudishia gari, nikaenda nalo kwa wafyatua matofali, nikavua viatu nikaingia shimoni. Hakuna aliyeniambia niingie. Nilizoa ule udongo kwa ndoo na kwa mikono, nikaupeleka mbali, nikauzika kwenye shimo refu nililolichimba mwenyewe na kulimwagia chokaa. Siku tatu. Natapika, nazoa, natapika. Walikuwa wamekaa juu ya matofali wananitazama, hakuna aliyecheka wala aliyenipa maji. Ile dizeli niliirudisha kwenye gari mbele ya macho yao, na nikawaambia ilikuwa ya nini. Wanawake walivuta watoto wao karibu.

Siku ya nne, mchana, mumeo akafika na mkoba wake. Alikuwa amekonda. Akasimama ukingoni akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kosa ni lake, kwamba aligeuza matangi na hakutuambia. Wanaume walisimama wote na vibao vyao. Tanuru akainua mkono, wakakaa. Akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na kitu kwenye gunia. Ilikuwa ile spana yangu, aliiokota siku ile akaificha. Aliiweka juu ya matofali, mbele yangu, si mbele ya mumeo. Akanitazama. Askari walimpa karatasi mara mbili aandike nani aliyempiga, na mara mbili aliirudisha tupu.

Nilitoka shimoni. Sikuwa nimeamua kitu, naapa. Kaka akaniona nimeishika akasema, Pilipili, nisikilize kwanza, mkaguzi alikuwa anakuja. Wifi, lilikuwa neno hilo la mkaguzi. Jicho la mume wangu liko kwenye ndoo ya hospitali, naye ananieleza habari za mkaguzi. Niliinua, akainua mkono kujikinga, nikasikia mfupa. Nikapiga tena pale pale. La kwanza lilikuwa la jicho la Mpole. La pili sijui lilikuwa la nini, na ndilo linaloninyima usingizi. La tatu Tanuru alinidaka mkono, akaninyang'anya spana, akaitupa ndani ya tanuru linalowaka.

Jioni hiyo hiyo alimwandikia mkuu wa kituo mistari miwili kwamba hana kesi na mtu. Binti yake anaanza kula.

Kesho yake asubuhi polisi walimwachia Mpole. Alikuja kwa miguu, kitambaa usoni, akamkuta kaka ameegemea gurudumu, mkono umevimba, hakuna aliyemgusa, nami nikiwa mmoja wa hao. Mpole alichemsha maji akamwosha. Akachukua vibao viwili vya kufyatulia matofali, vile vile walivyompigia, akaufunga mkono kwa shuka letu. Kisha akalala chini ya gari akamwambia, nielekeze. Mumeo akawa anataja nati moja moja, Mpole analegeza. Walikata ubao, wakasogeza kiungo cha ekseli, wakarudisha matangi mahali pake. Iliwezekana, wifi. Ilitaka nusu siku tu.

Katikati ya kazi Mpole alimuuliza jambo moja. Siku ulipoandika "kataeni," ulikuwa unajua? Kaka akasema ndiyo. Mpole akaomba spana namba kumi na saba.

Anarudi na basi la kesho. Daktari anasema mkono huo hautafunga tena bomba. Sikuombi unisamehe. Nakuomba umsaidie kuvua shati, hawezi peke yake.

Wifi yako


Tarehe 5 Julai

Shemeji,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mke wangu amekataa kuniandikia, anasema hii niandike mwenyewe.

Mkaguzi alikuja. Nilimwambia yote. Hospitali wametafuta fundi mwingine.

Siku ile karakana ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuwa na kopo mkononi. Nilimtafuta dada yangu nimweleze, akawa amekasirika, basi nikasema hakuna wa kumweleza. Wewe ndiye unayemwaga. Ningekugeukia wewe nikasema, ingetosha. Sikukuona kama mtu wa kuambiwa.

Kwa hiyo nakuambia sasa. Koki ya mbele ni ya sabuni. Koki ya nyuma ni ya choo. Niliipaka nyekundu kabla sijapanda basi. Rangi imechuruzika kidogo, lakini inaonekana, hata kwa jicho moja.

Shemeji yako